Somo la Redio: Sauti ya Pande Zote

Leo tutaanza kwa mchezo mdogo, kabla hatujafungua madaftari.

Fumbeni macho, nyote. Mwalimu, tafadhali zunguka chumba polepole, na kila baada ya hatua tatu piga kofi moja. Ninyi mliofumba macho, nyosheni kidole mahali sauti inapotoka.

(Hapa mwalimu atazunguka chumba mara moja.)

Haya, fumbueni. Nadhani wengi wenu hamkukosea. Kwa nini? Kwa sababu mtu ana masikio mawili. Kofi likipigwa kulia, sauti hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto. Tofauti ya wakati ni ndogo mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huipima. Ndiyo maana mtu akisikia pikipiki nyuma yake hurukia upande ulio salama, kabla hajageuka kuitazama.

Sasa nitawaambia kwa nini nimewafumbisha macho. Mama mmoja wa darasa la jioni alinijia baada ya somo la juma lililopita. Zamu yake ya upatu imefika. Aliniambia hivi: "Mwalimu, nataka kununua mashine ya sinema ya nyumbani, ile risiva pamoja na spika zake. Dukani wamenionyesha tatu. Moja imeandikwa wati elfu kumi. Ya pili ina matundu mengi sana nyuma. Ya tatu ni ghali kupita zote, na muuzaji hakuweza kunieleza kwa nini. Fedha hii siipati tena mpaka miaka miwili ipite. Nichukue ipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba asikilize redio juma hili. Swali lake ni la dukani, lakini jibu lake limo katika historia, na katika historia hiyo wamo watu wengi waliotoa fedha nzuri, wakanunua mashine nzuri, kisha wakabaki nayo kama kabati la kuwekea vikombe.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Risiva ni nini? Jina lenyewe ni jina la redio. Zamani risiva ilikuwa ni redio na kikuza sauti vilivyotiwa katika sanduku moja. Siku hizi kazi yake imezidi. Deki, au televisheni, au king'amuzi huipelekea risiva sauti. Risiva huifasiri sauti hiyo, huikuza, kisha huigawa: hii iende spika ya mbele kulia, hii ya kushoto, hii ya katikati, hizi za nyuma. Kwa hiyo ni mkalimani, tena ni mgawaji. Likumbukeni neno hilo, mkalimani, maana tutalihitaji.

Twende Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka wa 1881. Mwaka huo yalifanywa maonyesho makubwa ya vyombo vya umeme. Bwana mmoja, fundi, jina lake Clément Ader, aliweka vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la nyumba ya Opera, vingine kulia na vingine kushoto. Nyaya zikapita chini ya mji mpaka katika jumba la maonyesho. Huko watu walipanga foleni, na kila mmoja akapewa vipokezi viwili vya simu, kimoja kwa kila sikio. Ajabu waliyoisikia si wimbo, kwa kuwa simu ilikuwa imekwisha kujulikana. Ajabu ilikuwa kwamba mwimbaji alipotembea jukwaani kutoka kushoto kwenda kulia, wao waliokuwa mbali, wasiomwona, walisikia anatembea. Basi hiyo ndiyo mara ya kwanza sauti iliyopita katika waya kuwa na mahali pake.

Baada ya hapo miaka hamsini ilipita bila jambo kubwa kwa mtu wa kawaida. Redio ikaja, santuri zikaenea, na mwisho wa miaka ya ishirini sinema zikaanza kusema. Lakini sauti zote hizo zilitoka mahali pamoja tu.

Jambo hilo lilimwudhi kijana mmoja wa London, Bwana Alan Blumlein. Alizaliwa mwaka wa 1903, akawa mhandisi katika kampuni ya EMI. Husimuliwa kwamba alikwenda sinema pamoja na mkewe, akaona mchezaji yuko upande huu wa kitambaa na sauti yake inatoka upande mwingine. Akamwambia mkewe kwamba yeye anajua njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Si wengi wanaosema maneno kama hayo wakatoka sinema wakayatimiza. Blumlein aliyatimiza. Tarehe 14 Desemba 1931 alipeleka serikalini maombi ya hati ya uvumbuzi. Ndani yake alieleza jinsi ya kunasa sauti kwa vinasa viwili, jinsi ya kuzitia sauti mbili katika mfereji mmoja wa santuri, moja katika ukuta huu wa mfereji na moja katika ukuta ule, na jinsi ya kuzitoa tena kwa spika mbili. Mwaka wa 1934 alinasa namna hiyo muziki wa Mozart katika studio za Abbey Road, London, ukiongozwa na Sir Thomas Beecham.

Kisha vita vikaja. Blumlein akaitwa kufanya kazi ya rada, yaani chombo cha kuonea mbali gizani kwa mawimbi ya redio. Tarehe 7 Juni 1942 ndege aliyokuwa akiijaribia rada hiyo ilianguka karibu na mpaka wa Wales, na wote waliokuwamo wakafa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Santuri za sauti mbili, zile tuziitazo stirio, makampuni makubwa yalianza kuziuza madukani mwaka wa 1958, na zilichorwa katika kuta mbili za mfereji kama alivyoandika yeye. Hakuiona hata moja dukani.

Upande wa Marekani kulikuwa na mtu mwingine mwenye haraka, Bwana Walt Disney, mwenye kutengeneza picha za katuni. Alitaka filamu yake ya muziki, Fantasia, iwazunguke watazamaji. Husemwa kwamba alitamani nyuki aruke kutoka kitambaani, apite juu ya vichwa vya watu, aende nyuma ya ukumbi. Mafundi wake wakamtengenezea mtambo mpya ulioitwa Fantasound. Filamu ilifunguliwa New York tarehe 13 Novemba 1940. Waliosikia walisifu sana. Lakini mtambo ulikuwa mzito na wa gharama kubwa, na kila ukumbi ulipaswa kufungwa nyaya na spika upya. Wenye majumba ya sinema walikataa. Mwaka wa 1942 Fantasia ilisambazwa mahali pengi ikiwa na sauti ya njia moja, kama filamu yoyote ile.

Hilo ni fundisho la kwanza, na mafundi wenyewe hawakulishika upesi. Sauti nzuri peke yake haimshawishi mtu. Mtu huuliza: "Na hivi vyombo nilivyo navyo, nivitupe?"

Miaka ya hamsini nitaipita mbio. Televisheni ilikuwa inawanyang'anya wenye sinema watazamaji wao, nao wakajitetea kwa vitambaa vipana na sauti nyingi. Mwaka wa 1952 ikaja Cinerama, yenye njia saba za sauti. Mwaka wa 1953 ikaja CinemaScope, yenye njia nne: tatu mbele na moja ya watazamaji, yaani ya kandoni na nyuma. Hizi zote zilikuwa ni za ukumbini. Nyumbani mtu alikuwa na spika moja, na baada ya 1958, kama ana uwezo, mbili.

Sasa fungueni masikio vizuri, maana tumefika mahali penyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini makampuni ya santuri na ya vinanda yalifikiri hivi: "Watu walikuwa na spika moja, tukawauzia mbili. Sasa tuwauzie nne." Spika moja katika kila pembe ya chumba. Jambo hili likaitwa kwadrafoni, maana yake sauti ya pande nne. Wazo halikuwa baya. Shida ilikuwa moja: santuri ina mfereji mmoja, na mfereji una kuta mbili tu. Utatia vipi sauti nne mahali penye nafasi ya mbili?

Kampuni ya CBS ya Marekani ilisema: tutazichanganya sauti nne kwa hesabu ziwe mbili, na mashine ya nyumbani itazichambua tena. Mfumo wao ukaitwa SQ. Sansui wa Japani nao walisema: sisi pia tutazichanganya, lakini kwa hesabu yetu wenyewe. Wao wakauita QS. JVC, Wajapani vilevile, wakasema: hapana, kuchanganya ni kuharibu, sisi tutazificha sauti za ziada katika mtetemo wa juu sana ambao sikio la mtu halisikii, na sindano maalumu itazisoma. Wao wakauita CD-4, na kampuni ya RCA ya Marekani ikaufuata.

Basi fikirini mtu wa Chicago au wa London mwaka wa 1973. Anaingia dukani na fedha yake ya akiba, kama mama yetu wa upatu. Anaulizwa: wataka SQ, au QS, au CD-4? Yeye anataka muziki tu. Akinunua mashine ya SQ, mwimbaji ampendaye huenda ametoa santuri yake kwa CD-4. Akinunua ya CD-4, lazima abadili sindano, aipime vizuri, tena azilinde santuri zake, kwa kuwa sindano ya kawaida iliweza kuukwangua ule mtetemo wa siri mpaka ukatoweka. Akinunua iliyo rahisi ya kuchanganya, sauti ya mbele ilivuja nyuma na ya nyuma ikavuja mbele, mpaka mtu akajiuliza zile spika mbili za ziada zinafanya kazi gani. Na mke wake nyumbani anauliza makochi yatawekwa wapi. Walikuwako waliouza mashine zenye kusoma mifumo yote mitatu, lakini bei yake ilikuwa ya watu wachache.

Watu wakafanya jambo la busara: wakangoja. Na wenye maduka ya santuri, hawakutaka kuweka wimbo mmoja kwa namna tatu au nne. Mwisho wa miaka ya sabini kwadrafoni ilikuwa imekufa. Zile mashine hazikuwa mbovu. Nyingine zilitengenezwa kwa ustadi kuliko nyingi za leo. Zilichokosa ni kitu cha kufasiri. Mkalimani hodari wa lugha isiyosemwa tena na mtu, utampa kazi gani? Mimi nawalaumu wenye makampuni kuliko wanunuzi. Waligombea fedha kabla hawajapatana juu ya lugha, na hasara wakamwachia mwenye sebule.

Katikati ya ghasia hiyo kulikuwa na Mmarekani mmoja, Bwana David Hafler, aliyegundua jambo dogo la kuchekesha. Aliona kwamba katika santuri nyingi za stirio za kawaida tayari zimo sauti zinazofaa kwenda nyuma: mwangwi wa ukumbi, makofi ya watu. Wala hakuhitaji mashine mpya kuzitoa. Alizifunga spika za nyuma kwa waya baina ya upande wa kulia na upande wa kushoto wa kikuza sauti kilekile, basi. (Msijaribu jambo hili na mashine zenu bila kumwuliza fundi. Nyingi za siku hizi zitaungua.)

Jambo hilo liliwezekanaje? Sikilizeni, nalo ndilo ufunguo wa risiva zote zilizofuata. Fikirini wapagazi wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Wote wawili wakileta habari ileile, kwa nguvu ileile, habari hiyo ni ya katikati. Lakini ikiwa mmoja anasukuma na mwenziwe anavuta, wakipingana kabisa, habari hiyo ipeleke nyuma. Mashine ikitoa cha huyu katika cha yule, kile walichokubaliana chote hufutika, na kile walichopingana hubaki. Ni hesabu ya kutoa tu, ile mliyojifunza darasani mwaka jana. Kwa njia hiyo wapagazi wawili hubeba mizigo minne: kulia, kushoto, katikati na nyuma.

Aliyeitumia hesabu hiyo kwa faida kubwa ni Bwana Ray Dolby. Alizaliwa Portland, Marekani, mwaka wa 1933. Alipokuwa kijana alisaidia kutengeneza mashine ya kwanza ya biashara ya kunasa picha za televisheni katika kanda, mwaka wa 1956. Alisoma Cambridge, akafanya kazi India kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1965 akafungua karakana yake London. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupunguza ule mlio wa "sss" uliokuwa ukisikika katika kanda. Ninyi wenye umri kama wangu mmeliona jina la Dolby katika redio za kaseti, pengine bila kujua kwamba ni jina la mtu. Alifariki mwaka wa 2013.

Katika miaka ya sabini watu wake waligeukia sinema. Ukingoni mwa filamu kuna nafasi nyembamba ya sauti, ambayo kwa miaka mingi ilibeba njia moja. Wao wakaigawa iwe mbili. Kisha wakachukua ile hesabu ya kuchanganya, ileile iliyokuwa inafia majumbani mwa watu, wakatia njia nne ndani ya hizo mbili. Mfumo huu ukaitwa Dolby Stereo. Na tazameni walivyokuwa waangalifu: filamu hiyohiyo iliweza kuonyeshwa katika ukumbi wa kizamani wenye spika moja, wala mtazamaji asione kasoro. Mwenye sinema hakulazimishwa. Alifunga spika mpya siku alipopata fedha.

Filamu iliyowafanya wapate fedha hiyo ni Star Wars, ya mwezi wa Mei 1977. Mwanzoni kabisa merikebu kubwa ya angani inapita juu ya vichwa vya watazamaji, na katika kumbi zilizofungwa vyombo vipya ngurumo yake ilitikisa viti. Watu walirudi kuitazama mara ya pili na ya tatu. Wenye sinema waliokuwa wakisitasita wakaita mafundi.

Hapa historia inafanya jambo ambalo mimi nikilisimulia hucheka peke yangu. Filamu hizo zikatiwa katika kanda za video ili watu wakatazame nyumbani. Kanda za stirio zina njia mbili. Filamu ilikuwa na njia mbili zilizobeba nne. Mafundi waliponakili, walinakili mbili, na zile mbili nyingine zilizofichwa zikasafiri nazo kimyakimya kama abiria waliojificha melini. Watu wakanunua kanda, wakaziweka kabatini, hawajui kwamba mvua na risasi za nyuma zimo ndani zinangoja. Mwaka wa 1982 vikaanza kuuzwa vyombo vya nyumbani vya kuzitoa, kwa jina la Dolby Surround. Mwaka wa 1987 ikaja namna iliyo bora, Pro Logic, iliyoongeza spika ya katikati ya mbele. Na hapo risiva ya sinema ya nyumbani ikazaliwa.

Spika hiyo ya katikati msiidharau. Watu wa kwadrafoni hawakuwa nayo, kwa sababu walifikiria muziki. Katika filamu, maneno ya wachezaji karibu yote hutoka katikati. Bila spika hiyo, aliye mwisho wa kochi husikia mchezaji anasema kutoka dirishani. Nikiambiwa nichague spika moja tu ya kuitolea fedha zaidi, nitachagua hiyo.

Baadaye zikaja sauti za tarakimu, na hapa nitasema kwa ufupi. Mwaka wa 1992 filamu ya Batman Returns ilitoka na Dolby Digital. Mwaka wa 1993 Jurassic Park ikatoka na mfumo mwingine, DTS. Safari hii njia hazikufichana tena. Kila spika ilipata njia yake. Ndipo mkaanza kuona madukani ile namba 5.1. Tano ni spika tano: tatu mbele, mbili kandoni au nyuma. Ile moja baada ya nukta ni sabufa, inayobeba ngurumo tu, sehemu ndogo ya sauti zote, ndiyo sababu haikuhesabiwa kuwa nzima. Mkiona 5.1.2, tarakimu ya mwisho ni spika za juu, za darini. Hizo zilikuja na Dolby Atmos, katika sinema mwaka wa 2012 na majumbani mwaka wa 2014.

Je, vita vya lugha vilirudi? Vilirudi, kati ya Dolby na DTS. Lakini safari hii watengenezaji wa risiva walikuwa wamekwisha kuungua vidole. Karibu wote walitia wakalimani wa lugha zote mbili katika sanduku moja, na diski za DVD, zilizoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, zikawa na sauti inayoeleweka hata kwa mwenye spika mbili za televisheni yake. Wala walionunua mapema hawakuachwa wote. Baadhi ya risiva za miaka ya tisini zilikuwa na matundu sita nyuma, moja kwa kila njia. Lugha mpya ilipokuja, mwenye risiva hiyo alitafuta deki yenye kufasiri yenyewe, akachomeka nyaya sita, akaendelea. Matundu sita ya bei ndogo yaliokoa mashine nyingi.

Na sasa mama wa upatu, nakugeukia wewe.

Ile mashine ya wati elfu kumi iache pale ilipo. Tazama kandoni mwa namba hiyo, pengine utaona herufi PMPO. Namba ya namna hiyo haina kipimo kinachokubaliwa na watu wote. Muuzaji huhesabu mshindo wa kufumba na kufumbua, tena apendavyo yeye. Si ulaghai mpya. Zamani matangazo ya Marekani yalizidi kutia chumvi hata Tume ya Biashara ya serikali yao ikatoa amri, mwaka wa 1974, kwamba nguvu ya kikuza sauti cha nyumbani itajwe ile inayoweza kudumu, na ielezwe jinsi ilivyopimwa. Wewe pia uliza: wati ngapi kwa kila spika, zikidumu, na spika ngapi zikilia pamoja? Wati hamsini za kweli zinatosha sebule yako na majirani watakaokuja kutazama mpira. Tena jueni wote, ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, yahitajiwa nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo anayeringia wati 100 mbele ya mwenye 80 hana cha kuringia.

Ile ya matundu mengi, na ile ya ghali, zilinganishe hivi. Kwanza andika katika karatasi vyombo vyote ulivyo navyo: televisheni, deki, king'amuzi. Tazama matundu yake ni ya namna gani. Siku hizi tundu kuu ni HDMI, lililoanza mwaka 2003, linalobeba picha na sauti kwa waya mmoja. Kama deki yako ni ya zamani, yenye matundu ya mviringo mekundu na meupe, risiva iwe nayo pia. Kisha uliza inafasiri lugha gani: Dolby Digital na DTS zote mbili ziwemo, na izifasiri vilevile zile filamu za zamani za njia mbili. Spika za darini kama huna, usilipe fedha kwa ajili yake. Risiva ya spika tano ni nyingi kwa chumba cha makochi matatu, na fedha itakayobaki itie katika spika. Spika njema hudumu miaka thelathini. Lugha za risiva hubadilika kila miaka michache.

Halafu usinunue kitu kilichozimwa. Chukua filamu yako uijuayo, yenye watu wanaozungumza na yenye mvua. Mwambie muuzaji aiwashe, kwa sauti ndogo, si kubwa, maana sauti kubwa huficha aibu. Keti. Fumba macho kama tulivyofanya asubuhi hii. Yule anayesema yuko wapi? Ukimwelekeza kidole, ufumbue macho, kidole kiwe kinaonyesha kitambaa. Mvua je, iko nyuma yako? Na ukihama ukaketi mwisho wa benchi, msemaji amebaki mahali pake? Kama muuzaji hataki kuiwasha, mwachie mashine yake.

Walimu, darasani leo wanafunzi waandike maneno haya: spika, mfereji, sindano, mkalimani, kushoto, katikati. Kisha kila mmoja achore sebule yake kwa juu, aonyeshe mlango, dirisha na makochi, na aweke alama mahali ambapo angeziweka spika tano. Juma lijalo tutasoma habari za cherehani. Kwaherini.